Ubani Haufai Kuungua: Namna ya Kuununua, Kuutunza na Kuufukiza

Watu wengi husema kwamba wanachoma ubani, na neno hilo limeharibu ubani mwingi kuliko unyevu wa masika. Anayechoma hutupia bonge zima juu ya kaa jekundu, moshi mzito hufumka mara moja, nyumba ikajaa harufu inayokaribia lami, na baada ya dakika tatu kinachobaki chetezoni ni donge jeusi linalotokota. Wazee wa pwani walikuwa na neno lililo sahihi zaidi, nalo ni kufukiza. Kufukiza ni kuupasha ubani moto wa kadiri, ili uachie mafuta yake mepesi polepole, bila kuufikisha mahali pa kuungua. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufikiria nyumba ya kawaida ya Tanga, iwe Ngamiani, Chumbageni au Pongwe, yenye jiko la mkaa, vifuu vya nazi visivyokosekana, na hewa ya bahari ambayo haiachi kitu kikavu kwa muda mrefu.

Ubani ni kitu gani

Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jenasi ya Boswellia, miti mifupi yenye magome yanayobanduka kama karatasi, ambayo hupenda nchi kame yenye mawe. Ubani wa biashara hutoka hasa Omani katika jimbo la Dhofar, Yemeni, kaskazini mwa Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudani na India. Boswellia sacra ndiyo ya Omani, Yemeni na Somalia. Boswellia frereana ni ya Somalia. Boswellia papyrifera ni ya Ethiopia, Eritrea na Sudani. Na Boswellia serrata ni ya India. Kwa hiyo ubani unaouzwa katika maduka ya Tanga ni mgeni aliyezoeleka: kwa karne nyingi majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Somalia yakiwa yamebeba tende, chumvi, papa mkavu na bidhaa nyinginezo za huko, kisha yakarudi na kusi yakiwa na boriti na nafaka. Mwaka 2000 UNESCO iliyaingiza maeneo ya ubani ya Dhofar, likiwamo bonde la miti la Wadi Dawkah na mabaki ya bandari za kale, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mvunaji hukwangua sehemu ndogo ya gome kwa kisu kifupi, na mti hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao huganda kwa hewa na jua. Matone ya mkwanguo wa kwanza huwa duni na mara nyingi hukwanguliwa tu na kutupwa. Mvunaji hurudi baada ya wiki mbili hivi, akaufungua tena mkwaruzo uleule, na ni katika mizunguko inayofuata ndipo matone safi hupatikana. Mti unaokwanguliwa kupita kiasi hudhoofika na mbegu zake hupungua nguvu ya kuota. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu Boswellia papyrifera ulionya kwamba miti michanga karibu haionekani tena katika misitu mingi, kwa sababu ya mifugo, moto na ukwanguaji usio na mapumziko, na kwamba mavuno yanaweza kupungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu linahusu kipimo: anayetumia matone mawili mahali pa konzi moja hapotezi harufu yoyote.

Ndani ya tone moja la ubani mna vitu vitatu, na mtu akivielewa hatahitaji kukariri masharti mengine. Kuna mafuta mepesi yanayoruka hewani, ambayo katika ubani wa Omani na Somalia kwa kawaida huwa kati ya sehemu 5 na 9 kwa kila 100. Haya ndiyo yenye harufu ya ndimu na majani mabichi. Kuna utomvu wenyewe, ambao ni zaidi ya nusu ya uzito, hauyeyuki katika maji bali huyeyuka katika spiriti na kwa kiasi fulani katika mafuta ya moto. Humo ndimo zimo asidi za boswelia zinazozungumzwa na watu wa dawa. Na kuna gundi, ambayo huyeyuka katika maji tu, na ambayo ikipata moto mkali huungua kama sukari. Harufu mbaya ya ubani ulioharibiwa, aghalabu, ni harufu ya gundi hiyo.

Sokoni

Kwanza ni majina, kwa kuwa dukani mambo haya huchanganywa. Udi si ubani. Udi ni mbao za mti wa Aquilaria kutoka Asia ya Kusini Mashariki, ambazo hujaa utomvu mti unapoumia na kuingiwa na kuvu. Manemane ni utomvu wa mti wa Commiphora myrrha. Huwa na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, ladha yake ni chungu kabisa, na harufu yake ni nzito kama ya dawa. Majina kama “ubani maka” ni ya wauzaji, hayamwambii mnunuzi mti wala nchi, hivyo yasimfanye alipe zaidi kabla hajaufungua mfuko na kunusa. Tena neno ubani lenyewe lina kazi nyingine kwetu: fedha wanazopewa wafiwa huitwa ubani, na mtu aweza kutoa ubani katika misiba kumi bila kuwahi kushika tone la utomvu huo.

Kisha kuna sandarusi, ambayo watu wa mwambao wetu wanapaswa kuifahamu kwa kuwa ni ya kwetu. Msandarusi, ambao kitaalamu huitwa Hymenaea verrucosa, huota katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji na huko Bukini, yaani Madagaska. Katika karne ya 19 watu waliichimba ardhini sandarusi iliyokaa muda mrefu chini ya udongo, nyuma ya miji ya pwani kama Bagamoyo, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Salem nchini Marekani na Hamburg nchini Ujerumani kutengenezwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Ile mbichi iliyotoka mtini moja kwa moja iliitwa chakazi, nayo ilikuwa na bei ya chini. Sandarusi ni kitu cha thamani kwa kazi yake, na wapo wanaoifukiza. Kosa ni kuuziwa sandarusi kwa bei na jina la ubani. Tofauti yake huonekana kwa macho: sandarusi ikivunjwa hutoa uso laini unaong’aa kama chupa iliyovunjika, lakini tone la ubani huwa limejipaka vumbi jeupe kwa nje, na likivunjwa ndani yake hufanana na nta.

Udanganyifu unaosumbua zaidi ni wa utomvu wa msonobari. Huu ni wa bei nafuu, hupondwa ukafanana na ubani wa daraja la chini, na pua huweza kulaghaika kwa kuwa misonobari na miti ya ubani ina kiambato kimoja cha harufu, kiitwacho alfa-pinini. Mimi mwenyewe niliwahi kununua robo kilo kwa mchuuzi aliyepita mtaani akiusifu ubani wake kwa kiapo, nikasahau kabisa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipoutia chetezoni uliyeyuka wote kama mafuta, ukatoa moshi mweusi wenye masizi, na pazia la sebuleni lilinuka tapentaini kwa wiki nzima.

Ili kuepuka hasara ya namna hiyo, mnunuzi aombe matone matatu au manne ya kujaribia kabla ya kununua kiasi kikubwa. Alisugue tone moja kwa nguvu kati ya viganja mpaka lipate joto, kisha anuse: ubani mzuri hutoa harufu safi yenye uchachu wa ndimu kwa mbali, ilhali msonobari hunata mkononi na kunukia kama karakana ya seremala. Alitie tone la pili mdomoni na kulitafuna taratibu. Mwanzoni litavunjika-vunjika kama chembe za mchanga, kisha litajikusanya na kuwa laini kama ubani wa kutafuna unaouzwa kwa watoto, ambao bila shaka ulipata jina lake hapo. Sandarusi haikubali kujikusanya hivyo. Tone la tatu aliponde na kulitia katika nusu glasi ya maji ya uvuguvugu. Baada ya saa chache gundi huyeyuka, maji yakawa meupe kama tui jepesi. Utomvu wa msonobari na sandarusi huyaacha maji yalivyo. Jaribio hili la maji lina kasoro moja: ubani wa Boswellia frereana una gundi kidogo sana, kwa hiyo hauyafanyi maji kuwa meupe ingawa ni ubani halali, tena unaopendwa na watafunaji. Ndiyo sababu sikubali hukumu ya jaribio moja peke yake.

Rangi isimtishe mtu. Ubani wa Omani unaoelekea ukijani au uweupe usio na magome huuzwa ghali kuliko wote, lakini ule wa manjano, hata wa kahawia nyepesi, hufukizika vizuri sana ukiwa mpya. Jambo la kuangalia ni kama matone yametengana au yameshikana na kuwa bonge. Yakishikana, mfuko uliachwa juani au ndani ya gari lenye joto, na sehemu ya mafuta mepesi imekwisha kuondoka. Vumbi na vipande vya magome vilivyobaki chini ya gunia vinaweza kununuliwa kwa bei ya chini kwa ajili ya kutengeneza mafuta ya kupaka, kwa kuwa huko vitachujwa.

Kuutunza na kuusaga

Ubani ukifika nyumbani umwagwe kwenye ungo, magome na vijiti vichambuliwe kama mchele, kisha utiwe katika chupa ya kioo au kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Mfuko wa plastiki haufai kwa kuuweka muda mrefu, kwa sababu harufu hupenya na plastiki yenyewe hunata. Chupa ikae gizani, mbali na jiko. Wakati wa masika, hewa ya Tanga ikiwa nzito kiasi cha chumvi kutoa maji kikombeni, uso wa matone huanza kunata kwa sababu ya ile gundi inayovuta unyevu. Ubani hautakuwa umeharibika. Utandazwe kwenye ungo kivulini, mahali penye upepo, kwa nusu siku, na urudishwe chupani. Usianikwe juani.

Kuusaga kunahitaji ubaridi. Ubani wenye joto la chumba haukubali kuwa unga. Joto la mchi au la mashine huulainisha, ukaganda kwenye kila kitu kinachougusa. Niliwahi kuusaga kwenye blenda ya jikoni bila kujua hilo, na visu vya blenda hiyo havikuzunguka tena. Njia iliyo salama ni kuutia ubani katika chombo kilichofunikwa na kukiweka kwenye friza kwa dakika 30 au zaidi, kuviweka humo pia kinu kidogo na mchi wake, kisha kuponda kwa haraka kiasi cha vijiko viwili kwa wakati mmoja, kwa mapigo mafupi ya kushuka, bila kusugua. Unga uchekechwe, na mawe yanayobaki yarudishwe kwenye baridi kabla ya kupondwa tena. Usagwe ule tu unaohitajika siku hiyo, kwa sababu unga hupoteza harufu upesi kuliko matone.

Kufukiza

Mkaa ndio nusu ya kazi. Mkaa wowote utakaotumika lazima uwe umeiva, yaani usiwe na moshi wake wenyewe, kwa sababu pua haiwezi kutenganisha moshi wa kuni na moshi wa ubani. Katika nyumba zetu mkaa ulio bora ni wa vifuu. Vifuu vikavu vilivyokwisha kukunwa kwenye mbuzi huvunjwa vipande, huwashwa ndani ya debe au karai nje ya nyumba, huachwa viwake mpaka moshi unapokatika na kila kipande kuwa chekundu, kisha chombo hufunikwa kabisa kwa bati na kuzibwa kwa mchanga kandokando ili moto ukose hewa. Vikipoa huwa mkaa mgumu, mwepesi kubeba, unaotunza moto wa taratibu. Ule mkaa wa duara unaouzwa kwa paketi na kuwaka kwa kiberiti kimoja umetiwa chumvi ya kusaidia uwakaji. Utumike ikiwa hakuna mwingine, lakini usiwekewe ubani mpaka cheche zimekwisha kabisa na uso wake wote umefunikwa na jivu jeupe. Wengi huuwekea ubani mapema mno, na hicho ndicho chanzo cha harufu ya baruti katika sebule nyingi siku ya Idi.

Chetezo cha udongo kijazwe jivu lililochekechwa kufikia nusu yake au zaidi. Jivu hilo hukinga chetezo kisipasuke, na tena ndilo linaloushika moto usizidi. Mchanga wa ufukweni usitumike kwa sababu una chumvi na unyevu, na huweza kuruka unapopata joto. Kaa moja lililoiva lizamishwe ndani ya jivu hilo, kisha linyunyiziwe jivu jingine juu, unene wa sarafu moja. Hapa ndipo ufukizaji unapotengana na uchomaji: uso wa kaa jekundu huwa na joto linalozidi nyuzi 500 za selsiasi, na hakuna utomvu unaolistahimili joto hilo, lakini juu ya jivu joto hushuka kiasi cha kuweza kutawalika. Mwenye wasiwasi aweke juu ya jivu kipande kidogo cha kigae au bati safi lisilo na rangi, na ubani ukae juu yake.

Kwa chumba cha kawaida cha kulala, matone mawili yenye ukubwa wa punje ya mahindi yanatosha. Ubani ukipata joto linalofaa, kwanza hutokwa na jasho, kisha huvimba kidogo na kuwa angavu, na moshi wake huwa mwembamba, mweupe unaoelekea buluu, unaopanda wima kama uzi. Ukiona tone linachemka kwa povu na kugeuka kahawia ndani ya dakika moja, moto ni mkali: liondolewe kwa koleo, jivu liongezwe, lirudishwe. Ukiona hakuna kinachotokea baada ya dakika tano, jivu ni zito, lipunguzwe kwa ncha ya kijiko. Baada ya mara tatu au nne mkono hujifunza wenyewe. Harufu nayo hubadilika kwa hatua. Mwanzoni huja uchachu mwepesi wa ndimu, halafu harufu nzito ya mti na utomvu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ubani wenyewe, na mwishoni, baada ya dakika 10 hivi, huanza kusikika harufu ya sukari iliyoungua. Hapo gundi imeanza kuteketea, na mabaki yaondolewe hata kama bado yanatoa moshi. Kuongeza ubani mpya juu ya masalia meusi ni kuuchafua.

Vyetezo vya umeme vinavyoweza kupangiwa joto hurahisisha kazi hii sana, nami sioni aibu kukiri kwamba hutoa harufu safi kuliko mkaa. Mtumiaji aanzie nyuzi 150 na asipite nyuzi 200. Lakini vingi vinavyouzwa kwa bei nafuu havina kipimo chochote, bali huwaka kwa joto moja tu, na hivyo vitandikiwe karatasi ya foili na jivu kidogo kama ilivyo kwa mkaa.

Kwa kufukiza nguo, chetezo huwekwa sakafuni, juu yake hufunikwa tenga kubwa lililotobolewa kitako, na kanzu au kanga hutandazwa juu ya tenga kwa dakika tano hadi kumi. Nguo iliyo na unyevunyevu kidogo, kama ile iliyoanuliwa kabla ya kukauka kabisa, hushika harufu kwa muda mrefu kuliko nguo kavu. Pasiwe na pindo linaloning’inia ndani, na anayefukiza asiondoke hata kuitikia hodi. Mtungi wa maji ya kunywa hufukizwa kwa kuuinamisha mdomo juu ya chetezo ukiwa mkavu, kwa dakika mbili tatu, kisha hufunikwa kwa kawa kwa nusu saa ili udongo unywe harufu, ndipo maji hutiwa. Mtungi wa plastiki haushiki kitu.

Dirisha moja liwe wazi wakati wote. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu wakiwa usingizini, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kulala na chetezo chenye moto. Moshi ni moshi hata ukinukia: mwenye pumu, mtoto mchanga na mgonjwa wa kifua wasikae ndani ya chumba kinachofukizwa, bali waingie baadaye moshi ukishatoka na harufu ikabaki kwenye nguo na kuta.

Mafuta ya kupaka

Utomvu wa ubani huyeyuka kwa kiasi katika mafuta ya moto, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuutumia bila moshi. Gramu 50 za unga zitiwe katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana pamoja na mililita 250 za mafuta ya nazi au ya ufuta. Kwa kazi hii nayapendelea mafuta ya nazi yaliyokamuliwa kwa mkono, yawe yameivishwa vizuri na kuchujwa hata lisibaki tone la maji, maana maji yakibaki hukutana na gundi na kutengeneza uji. Chupa iwekwe ndani ya sufuria yenye maji, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isigonge chini, na maji yapashwe mpaka yanakaribia kuchemka bila kuchemka. Yakae hivyo saa tatu au nne, na mafuta yakorogwe kila baada ya dakika 20 kwa kijiti cha mbao. Chini ya chupa kutajikusanya matope ya kijivu yanayonata. Hiyo ni gundi, haitayeyuka kamwe katika mafuta, na hakuna sababu ya kuongeza moto kwa ajili yake.

Mafuta yachujwe yakiwa bado na moto kwa kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili, yaachwe usiku kucha yatulie, kisha yamiminwe taratibu katika chupa kavu ya rangi nyeusi au ya kahawia. Yawekwe mahali pa baridi na yatumike ndani ya miezi sita. Kabla ya kuyapaka mwilini, tone moja lijaribiwe ndani ya mkono na kuachwa siku nzima, kwa kuwa ngozi za watu wengine huwashwa na utomvu. Sufuria, vijiko na kitambaa vilivyotumika vitengwe kwa kazi hii tu. Ubani hautoki kwa maji na sabuni. Hufutwa kwanza kwa mafuta ya moto au spiriti, ndipo sabuni hufuata.

Mafuta haya si sawa na yale ya chupa ndogo yanayotokana na kukenekwa kwa mvuke. Mvuke hubeba mafuta mepesi peke yake na kuziacha nyuma asidi za boswelia, ambazo ni nzito. Hivyo anayeuza mafuta ya kukenekwa kwa kuyasifu kuwa yamejaa asidi hizo ama hajui au anajua. Ya kukenekwa ndiyo yenye nguvu ya harufu na ndiyo yanayotumiwa na watengenezaji wa manukato. Yasipakwe mwilini bila kuchanganywa na mafuta mengine, na yasinywewe.

Kuhusu dawa

Maji meupe ya ubani uliolowekwa usiku kucha hunywewa katika nyumba nyingi kwa ajili ya tumbo na kifua, na matone hutafunwa kusafisha kinywa. Katika utafiti, kilichochunguzwa zaidi ni dondoo la Boswellia serrata ya India, ambalo katika majaribio kadhaa lilipunguza maumivu ya magoti kwa wenye baridi yabisi, na maabara zimeonyesha kwamba asidi za boswelia huzuia kimeng’enya kimojawapo kinachochochea uvimbe. Hilo ni dondoo lililopimwa kipimo chake. Konzi ya ubani katika bilauri haina kipimo kinachojulikana, na mti wake huenda si huo wa India. Mjamzito asinywe ubani, na hasa asiguse manemane kwa njia ya kunywa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari wake kabla ya kuanza. Homa ya mtoto na kikohozi cha wiki mbili ni mambo ya kituo cha afya, hata kama chetezo kinaendelea kufuka nyumbani.

Marashi magumu

Aliyekwisha kutengeneza mafuta ya kupaka amebakiza hatua moja ndogo kufikia marashi ya kubeba mkobani. Kijiko kimoja cha nta safi ya nyuki huyeyushwa ndani ya chupa iliyo kwenye maji ya moto, huongezwa vijiko vitatu vya mafuta ya ubani, na mchanganyiko huondolewa motoni. Baada ya kupoa kidogo, kabla haujaganda, hutiwa matone machache ya mafuta ya mkarafuu au ya mchaichai. Ubani wenyewe hauna haraka ya kuruka, na huyashika manukato mepesi yasipotee upesi kwenye ngozi. Hii ndiyo kazi yake kubwa katika viwanda vya manukato pia. Kipimo cha nta kinategemea msimu. Mafuta ya nazi huanza kuyeyuka yakipata nyuzi 24 hivi, na adhuhuri ya Januari mjini Tanga hupita hapo kwa mbali, kwa hiyo tone la mchanganyiko lidondoshwe kwanza kwenye sahani iliyokaa friji, liachwe ligande, kisha lirudishwe kwenye joto la chumba na kuguswa kwa kidole. Likilainika kama samli, iongezwe nusu ya kijiko cha nta na jaribio lirudiwe. Likikwaruza kidole, liongezwe mafuta.